Nimeaminishwa tangu utotoni kwamba sina kichwa cha hisabati: je, imani hiyo hung'oka ukubwani?

Swali

Wanajukwaa, nawasalimu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na F ya hisabati, na hata kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kata tamaa, kwa kuwa nikiwa darasa la tano mwalimu alitamka mbele ya wenzangu kwamba mimi nitafute mume, namba niwaachie wengine. Leo ninasimamia duka la familia la vifaa vya ujenzi na ninatamani kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ili baadaye nisomee uhasibu. Vitabu nimenunua, lakini nikifungua ukurasa wa kwanza mwili unaishiwa nguvu. Wahamasishaji huniambia nijiamini, nami hujiamini hadi swali la pili. Pia naona haya kuketi darasani na vijana walio sawa na wanangu. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza (mwalimu wa sekondari)

Dada yangu, pole kwa maneno uliyoambiwa. Mtoto hapaswi kuhukumiwa namna hiyo. Ninavyoona mimi, imani ya aina hii haiondolewi kwa kujisemesha maneno mazuri, bali kwa kutafuta ni mahali gani hasa somo lilikukatikia na kuanzia hapo, hata kama ni darasa la nne. Wanafunzi wengi ninaowapokea kidato cha kwanza hukwama kwenye hesabu za sehemu. Ukiwapa 1/2 + 1/3 huandika 2/5, kwa kujumlisha vya juu na vya chini, wala hawashtuki kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo. Mtoto huyo akili anayo. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha kwamba KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 ni 6, kwa hiyo ni 3/6 na 2/6, jumla 5/6. Kabla pengo hilo halijazibwa, analetewa aljebra, tena kwa Kiingereza, baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Anashindwa lugha na somo kwa pamoja, kisha anaambiwa hana kichwa.

Nikuulize pia: fundi akitaka mabati 18 na kuomba apunguziwe bei kwa kila bati, unajuaje pa kukomea ili usile hasara? Hiyo ni hisabati, nawe unaifanya mteja akiwa amesimama mbele yako.

Jibu la pili

Naongezea kwa upande wa saikolojia. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa kuwa na akili walipendelea kazi rahisi, na walipokutana na maswali magumu walilegea. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu na kufanya vizuri zaidi. Maneno ya mwalimu wako yalikuwa na nguvu ya namna hiyo hiyo, ila kwa ubaya. Hata hivyo tusitie chumvi: utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wanafunzi wapatao 12,000, ulionyesha kwamba somo fupi la mtandaoni kuhusu uwezo wa akili kukua liliinua alama za waliokuwa nyuma, lakini kwa kiasi kidogo. Kubadili mtazamo kunasaidia pale tu mwanafunzi anapopata pia mafunzo na mazoezi. Ndiyo maana nakubaliana na mwalimu aliyetangulia.

Jibu la tatu

Kuhusu haya ya umri, mkumbuke Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi. Alivaa sare na kuketi na watoto wadogo kwa sababu alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Wewe, dada, huna haja ya kufika huko: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafundisha masomo ya sekondari kwa walio nje ya mfumo rasmi, na kwenye madarasa ya jioni kuna wafanyakazi na wazazi wengi. Popote utakapojiandikisha, kabla hujalipa ada, onana na mwalimu wa hisabati na umuulize waziwazi kama yuko tayari kuanza nawe kwenye hesabu za sehemu.