Kuku ameshachinjwa na sisi tunaondoka: alipe nani?

Mtanga wa Uyole

Habari za jioni wakuu. Nisaidieni kuamua ugomvi wa nyumbani, leo siku ya tatu.

Jumamosi mimi na mama watoto tulikwenda Tukuyu kulala usiku mmoja, kubadili hewa tu. Mbeya nina miezi kumi, na kazini kila mtu ananiambia kama sijala ndizi za Tukuyu basi sijala ndizi. Tukapanda kosta asubuhi pale stendi ya Nane Nane, tukafika na mvua, ile yao isiyopiga hodi. Tukatupa begi gesti, tukaingia hoteli moja ya chakula, jina nalihifadhi. Meza sita, vitambaa vya plastiki vya maua, kalenda ya mwaka juzi.

Dada akaleta menyu. Wakuu, kurasa nne, zimegandishwa kwenye plastiki ngumu! Ukurasa wa pili nikaona samaki wa kupaka. Moyo wa mtu wa Tanga ukaruka. "Leo hayupo." Pilau? "Pilau Ijumaa." Mishikaki? "Mchomaji ameenda msibani." Nikaisoma menyu yote kama mwalimu anayeita majina siku ya mvua. Mwisho nikauliza kilichopo ni kipi. "Kuku wa kienyeji na ndizi. Dakika arobaini tu kaka."

Hiyo ilikuwa saa sita kasoro. Saa sita na robo tukasikia kuku anapiga kelele uani na vijana wanamkimbiza. Mke wangu akaniangalia. Nikamwambia huyo ni kuku mwingine.

Saa nane kasoro robo, meza nyeupe. Nimeshakunywa chai ya rangi vikombe vitatu. Nje kijana wa taksi anapiga honi, tulipatana atupeleke Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili, kabla mvua haijarudi. Nikasimama, nikasema tunaondoka. Mwenye hoteli akatoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga: "Baba, kuku ameshachinjwa."

Bei 28,000. Mimi nikasema nalipa chai, kuku sijamla simlipi. Mke wangu akasema kuku harudishiwi manyoya, akafungua pochi, akalipa yote. Mama akarudi ndani, akaja na hotpoti nyekundu, ya kwake mwenyewe, ndizi zimeiva na kuku bado anabisha. "Mtamalizia gesti." Gesti gani ina jiko? Mlinzi ndiye aliyetumalizia usiku kwenye jiko lake la mkaa, na paja moja likabaki kwake.

Jumapili asubuhi tukapita kurudisha hotpoti, pamefungwa, watu wako ibadani. Sasa iko juu ya kabati langu na kila nikipita inanitazama. Nani alikuwa sahihi? Na hotpoti inarudije?

Konda Mstaafu

Menyu ya kurasa nne katika mji mdogo ni pambo, mkuu. Ukikaa tu, uliza "kilichoiva ni nini?" Wakikujibu maharage, kula maharage, utamshukuru Mungu.

Mama Ntilie wa Makambako

Mwanangu, nimeuza chakula miaka kumi na moja, ngoja nikuingize jikoni.

Hoteli ya namna hiyo inaishi kwa watumishi, watu wa halmashauri na walimu, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi akija mteja mmoja ni bahati. Sasa wewe unataka achinje kuku asubuhi amsubiri nani? Umeme wenyewe unaujua, nyama ikilala vibaya hasara ni yake. Kwa hiyo kuku anabaki hai mpaka aje mtu wa kumla. Huyo uliyemsikia alikuwa wako, usimdanganye mwenzio.

Halafu kuku wa kienyeji, hasa jogoo aliyezeeka, anataka saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Na huku juu maji yanachemka mapema lakini hayana moto. Mwanangu wa kidato cha nne ndiye aliyenifungua macho: pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, Tukuyu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, ni kwenye 95 hivi. Ndiyo maana maharage ya kwenu Tanga yanawahi na ya kwetu yanakutesa. Ongeza mkaa uliolowa.

Ila kosa la mwenzangu silifichi. Ile "dakika arobaini" ni uongo, na anajua. Sote tunausema kwa kuogopa mteja atavuka barabara kwa jirani. Mimi niliacha. Namwambia mtu saa mbili, naomba nusu ya pesa, namwambia akatembee mjini arudi. Wengine wanaondoka kweli, nawaacha waende.

Mkeo amefanya vema. Ile 28,000 ndiyo mtaji wa Jumatatu: mchele, mafuta, mshahara wa yule dada.

Lakini hujatuambia kuku alikuwaje.

Jaji wa Mwanjelwa

Namheshimu mama hapo juu, ila mimi niko na mwanaume mwenzangu. Aliyesema arobaini ndiye aliyevunja makubaliano. Nusu bei ingetosha, kila mtu aumie kidogo. Tukiendelea kulipa kimya kimya ndiyo maana hatujirekebishi.

Binti Ipinda

Hotpoti ni rahisi, shemeji. Kosta zote za Kyela zinapita Tukuyu. Andika jina na namba ya mama kwenye karatasi, gandisha kwenye mfuniko, mpe konda, mlipe kidogo. Lakini usiirudishe tupu! Chombo cha mtu hakirudi kitupu, mkeo analijua hilo hata kama hajakwambia.

Na mkienda Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, msirudie kosa. Pigeni simu jana yake, waambieni mnataka samaki mbasa, na wali uwe wa Kyela kweli. Mtakuta umeiva na ziwa liko mbele yenu.

Mtanga wa Uyole

Mama wa Makambako, shikamoo. Umenibana. Kuku alikuwa mtamu. Saa tatu usiku, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa na mlinzi, mvua inapiga bati, tunanyonya mifupa. Hilo ndilo linaloniuma, maana mke wangu alikuwa ananitazama tena vilevile.

Jaji, asante kwa kunitetea, lakini humu ndani rufaa imeshatupwa.

Namba ya mama nimeipata chini ya ile menyu, niliipiga picha kwa hasira nije kuwaonyesha. Nimempigia leo mchana. Kabla sijajitambulisha vizuri akasema, "Ninyi ndio wa kuku?"

Binti Ipinda, konda simpi. Jumamosi naipeleka mwenyewe. Nimeshapata nazi mbili na sato sokoni Mwanjelwa, changu ningemtoa wapi huku. Atakuwa na samaki wa kupaka aliyemwandika ukurasa wa pili, walau siku moja.