Ofisi inataka nimfundishe Mkurugenzi kuhusu ulemavu. Nikubali?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, tena wa haraka, maana HR (idara ya rasilimali watu) wanataka jibu kabla ya Ijumaa.

Mimi ni kiziwi. Sikuzaliwa hivi, nilipoteza usikivu nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo naongea na nasoma midomo. Nipo uhasibu kwenye kampuni moja hapa Dar, mkataba wa mwaka mmoja. Sasa menejimenti imekuja na mpango: badala ya wakubwa kutulea sisi, sisi wa chini ndio tukae na wakurugenzi, mmoja kwa mmoja kila mwezi, tuwaeleze ofisi inavyoonekana kutoka huku tulipo. Yupo dada mwenye mtoto mchanga, yupo kijana wa stoo, na mimi. Nimepangiwa Mkurugenzi wa Fedha.

Ya kusema ninayo. Kwenye vikao anaandika ubaoni huku anaongea, kanipa mgongo, nabaki nasoma koti. Watu wakicheka nikauliza kuna nini, naambiwa "usijali, nitakuambia baadaye". Hiyo baadaye haijawahi kufika. Ila huyo huyo ndiye anayesaini tathmini yangu ya kazi. Nikubali, au nijifanye nimebanwa na kazi?

Mzee wa Buza
Kataa. Bosi wa Kibongo akikuambia "kuwa huru, nikosoe tu", hapo ndipo pa kukaa kimya. Mkataba unaisha lini?

Kijana wa Mbagala
Juni, mkuu.

Mzee wa Buza
Basi nimemaliza.

Bi Rasilimali
Mzee usimtishe kijana. Nimekaa HR miaka mingi, naujua mpango huu. Jack Welch, aliyekuwa bosi mkuu wa General Electric, kampuni kubwa ya Marekani, ndiye aliyeupa umaarufu: mwaka 1999 aliwaagiza mabosi wake wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti, naye akiwemo. Siku hizi unatumika hata kwenye masuala ya ubaguzi. Kuna hospitali za NHS, yaani za umma, kule Uingereza zilizowakalisha wafanyakazi weusi na wakuu wa hospitali.

Tatizo lako mimi naliona kwenye mpangilio. Anayesaini tathmini yako hapaswi kuwa mwanafunzi wako, hata kidogo. Omba upewe mkurugenzi wa idara nyingine. Pia upate kwa maandishi kwamba muda huo ni wa kazi, na mkubaliane mapema nini kinabaki kati yenu na nini kinaweza kupelekwa kwenye menejimenti. HR aliyejipanga hatashangaa ukiomba haya. Akishangaa, ujue kaiga mpango bila kuuelewa.

Chapombe Mstaafu
Omba na posho ya ualimu 😂

Magurudumu
Mdogo wangu, mimi natumia kiti mwendo na niliwahi kuwekwa kwenye mpango kama huu. Bosi alikuwa muungwana kweli, ila vikao vyote vya mwanzo aliniuliza ajali ilikuwaje, nimeoa, nyumbani nani ananisaidia kuoga. Anatikisa kichwa, ananipa pole. Nikitoka hapo mlango wa choo bado haupitishi kiti. Siku moja nikamwambia leo hatukai, twende mpaka choo cha ghorofa ya chini. Akasimama pale mlangoni, akapima kwa mikono yake. Fundi alikuja wiki iliyofuata.

Usimsimulie maisha yako. Chukua jambo moja linalorekebishika, mpeleke akalione, mkutane tena mkiulizana limefikia wapi.

Binti Lindi
Wazo: mwambie azibe masikio kwa pamba kikao kizima aone uchungu wake.

Magurudumu
Hapana dada. Atavua pamba arudi kuwa bosi, halafu atasimulia kila mahali jinsi alivyoteseka nusu saa. Bora ajifunze kugeuka anapoongea.

Wakili Msomi
Kijana, usianze na sheria, lakini ijue. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, ulemavu ukiwa umetajwa. Na huyo dada mwenye mtoto mwambie ana haki ya muda wa kunyonyesha, hadi jumla ya saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Wengi hawalijui hili, na waajiri hawana haraka ya kuwaambia.

Kijana wa Mbagala
Asanteni sana. Nimewaandikia HR kwamba nipo tayari, ila nipewe mkurugenzi mwingine, na muda uingie kwenye saa za kazi. Nitaanza na ubao, maana kugeuka hakugharimu hata shilingi, kisha king'ora cha moto. Ni sauti tupu, hakina taa.

Mzee wa Buza
Haya, umenishinda. Ila swali: siku ya kikao mkalimani wa lugha ya alama analipwa na nani?

Kijana wa Mbagala
Mkuu, ana kwa ana nasoma midomo, hakuna shida. Ila wamesema mwisho wa robo mwaka tutakaa meza moja na wakurugenzi wote. Hapo midomo kumi haisomeki. Ngoja niwaandikie tena HR kabla hawajatoka ofisini.