Tupeane uzoefu: nani ameshawahi kukosa nyongeza kwa sababu ya jedwali la ofisi?

Karani Mgeni: Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nimepewa kazi ya kutengeneza kanzidata ya kujua nani anastahili nyongeza ya mshahara kila Julai. Watumishi 212, wote wako kwenye Excel moja iliyoguswa na kila aliyewahi kukalia kiti hiki. Kuna safu imeandikwa "Anastahili?" Chini yake: NDIYO, NDIO, HAPANA, "muulize mama wa mapokezi". Nikakumbuka na mimi nilivyowahi kurukwa. Leteni yenu.

Mama Faili: Umenitonesha. 2019 nilikuwa kampuni ya ulinzi, Dar. Bosi anataka majina yapangwe kwa alfabeti, saa saba hiyo, njaa inauma. Nikachagua safu ya majina peke yake. Excel ikaniuliza kama nijumuishe na za pembeni, nikabonyeza tu kama mtu anayefukuza inzi. Nikasevu, nikaenda kula wali maharage.

Majina yakahama, tarehe za kuajiriwa zikabaki zimekaa pale pale. Hakuna aliyeona hadi barua zilipotoka. Kijana aliyeajiriwa Novemba kapewa nyongeza ya miaka tisa. Mzee wa geti, miaka 14 kazini, akaja ameshika barua kwa mikono miwili: "Mwanangu, mimi niko kwenye majaribio?"

Wiki tatu tulikuwa stoo tunafungua mafaili. Lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Kilichomwokoa ni mfuko wa rambo aliotoka nao nyumbani, ndani slipu zote tangu siku ya kwanza.

Mtu wa Mahesabu: Hilo swali la Excel nalijua. Nimetetemeka.

Kodi Safi: Shida siyo Excel, shida ni wewe.

Mama Faili: Wewe hujawahi kukaa ofisi ya watu tarehe 25. Tulia.

Kodi Safi: Haya yaishe. Karani, gawa majedwali matatu. La watumishi: ufunguo, yaani kinachomtambulisha kila mmoja, ni namba ya mtumishi, usitumie jina, akina Juma Hamisi ni wengi na akina dada wakiolewa wanabadili. La matukio: kuajiriwa, kuthibitishwa, likizo bila malipo, onyo, kila moja na tarehe yake. La mishahara: tarehe ya kuanza na ya kuisha. Usifute cha zamani, ongeza mstari. Na hiyo safu ya "Anastahili" iue, kustahili kukokotolewe kutoka kwenye tarehe.

Babu Kaunta: Watu 212 unamjengea mnara! Daftari la kaunta, kalamu nyekundu. Daftari halijipangi lenyewe.

Mtu wa Mahesabu: Mchwa je, Babu?

Ndugu Stoo: Sisi jedwali lilivunja ndoa. Jamaa kamwambia mkewe miaka miwili nyongeza haijatoka. Mtu wa kompyuta akaprinti jedwali zima, mshahara wa zamani na mpya, akabandika ubaoni badala ya majina tu. Saa nne shemeji yake kaleta chapati ofisini. Akasimama ubaoni, akasoma taratibu, kidole kwenye mstari. Saa sita mke yuko getini, mtoto mgongoni.

Mama Faili: Weeee! Ikawaje?

Kodi Safi: Ndiyo maana jedwali la mishahara linakaa peke yake na si kila mtu analiona.

Mtu wa Mahesabu: Kodi nyamaza kidogo, tunasubiri getini.

Karani Mgeni: Jamani mada. Likizo ya uzazi naihesabu kama pengo la utumishi? Aliyenitangulia kawakata wote waliojifungua.

Babu Kaunta: Hawakuwepo kazini, kata.

Mama Faili: Babu! Zile siku 84 ni likizo ya kisheria yenye malipo, siyo utoro. Karani, ipe aina yake kwenye jedwali la matukio, isichanganywe na likizo bila malipo. Na hao waliokatwa warudishie.

Karani Mgeni: Wako 11. Naanza nao kesho.

Mtu wa Mahesabu: Ndugu Stoo, uko wapi? Mke alisemaje?