Nyumba ya mkopo na mtoto yuko njiani, madeni bado yapo: tuombe sasa, tulipe kwanza au tujenge?

MamaKijacho
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe bila matusi. Mimi mtumishi wa serikali, mshahara 1,400,000. Mume yuko sekta binafsi, 1,500,000. Nina mimba ya miezi minne. Kila mwezi nakatwa mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 210,000, na mkopo wa SACCOS 280,000; deni la SACCOS limebaki 2,400,000. Akiba tunayo 15,000,000. Kuna nyumba ya vyumba viwili Kigamboni, 75,000,000, ina hati.

(a) Tuombe mkopo wa nyumba sasa, tumbo halijaonekana.
(b) Tumalize madeni kwanza.
(c) Tununue kiwanja Chanika tujenge taratibu.

Mume anataka (c), na mama mkwe yuko upande wake. Mimi kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo imenichosha.

Kikokotoo
Hongera dada. Ila hayo madeni mawili usiyatie kapu moja. La Bodi halina riba, na ile tozo ya asilimia 6 ilifutwa 2021. Liache lijilipe. Linalokubana ni la SACCOS, tena si kwa ukubwa wake, ni kwa makato yake.

Angalia. Ukitoa PSSSF (mfuko wa pensheni), kodi ya mapato, bima ya afya, Bodi na SACCOS unabaki na kama 571,000. Mtumishi lazima abakiwe na theluthi ya mshahara, kwako ni 467,000. Kwa hiyo nafasi yako ya kukopa ni rejesho la laki moja na kidogo tu! Mumeo nikimpima kwa theluthi hiyo hiyo ana 617,000. Jumla 721,000.

Mkitanguliza akiba yote kwa muuzaji, mkopo wa 60,000,000 kwa riba ya asilimia 15, miaka 20, rejesho lake 790,000 kwa mwezi. Mmekwama kwa elfu sabini. Sasa chomoa 2,400,000 kwenye akiba, futa SACCOS. Mkopo utapanda hadi 62,400,000, rejesho 822,000, lakini nafasi yenu inaruka hadi milioni moja. Yaani nusu ya (b), halafu (a).

FundiBoma
Mkuu Kikokotoo, zidisha basi 822,000 mara miezi 240. Karibu milioni 197 kwa vyumba viwili! Kwa hela hiyo namjengea vyumba vinne na fremu mbili za biashara mbele. Shemeji yuko sahihi, (c).

BintiWaTabata
@FundiBoma, nyie mafundi hamkosi hesabu ya kumwanzishia mtu, ya kumalizia ndiyo hatuioni. Mimi nilichagua (c). Mwanangu amezaliwa boma liko kwenye lenta, kuta tu bila paa. Sasa yuko darasa la pili, boma liko kwenye lenta, na sebuleni umeota mwarobaini unanipita kimo. Kila mwezi uliopangwa kuwa wa mabati uligeuka wa kliniki, wa dada wa kazi, wa homa usiku. Na kodi naendelea kulipa.

FundiBoma
Huo mwarobaini usiukate, ni dawa 😂

MzeeWaDawati
Nimekaa kitengo cha mikopo miaka mingi, sasa nimestaafu. Binti, mimba usiifiche, haina cha kufichwa. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mshahara kamili, 100 mkijaliwa pacha. Hati yako ya mshahara haibadiliki. Zinazopungua ni posho, na hizo usizihesabu kabisa.

Kikokotoo amesahau kitu. 12,600,000 inayobaki haiendi yote kwa muuzaji. Kuna uthamini, wakili, ushuru wa stempu, bima. Na bado kuna kujifungua. Mwombeni muuzaji ashushe bei, au tafuteni ya bei ndogo zaidi. Mkiweza, chukueni miaka 15: kwa 60,000,000 rejesho linapanda elfu hamsini tu, lakini mnaokoa zaidi ya milioni 38.

Mambo mengine: mkataba wa kazi wa mumeo ni wa kudumu? Hati imekaguliwa ardhi? Kama muuzaji ana mke, ridhaa yake iwepo kwa maandishi. Na simu zenu. Nimewahi kuona ombi zuri kabisa likikwama kwa deni la mkopo wa simu la 18,000 ambalo mwenyewe alishalisahau. Taarifa zile benki inaziona.

MamaKijacho
Asanteni. Shikamoo Mzee. Mkataba ni wa miaka miwili miwili, nitamwuliza unaisha lini. La simu nimemwonyesha sasa hivi hapa mezani, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akatoka nje na simu.

BintiWaTabata
Mkague na laini ya pili.

MamaKijacho
Karudi. Ni matatu, moja la tangu kabla hatujaoana. Jumla 64,000. Analipa. Kesho napita SACCOS kuuliza kama hisa zangu zinaweza kukatwa kwenye deni, ili akiba isiguswe yote.