Upimaji wa kidato cha pili: tunapima Biolojia au Kiingereza?

Mleta mada, mwalimu wa Biolojia, Mbeya Vijijini

Wiki iliyopita niliwapa kidato cha pili zoezi. Swali mojawapo liliwataka waeleze kwa nini mmea uliowekwa gizani unapauka, nami nikaliandika kama linavyoandikwa kwenye mitihani: "Account for..." Binti mmoja wa Umalila, kwao wanalima viazi, akajaza mistari mitatu kuhusu akaunti ya benki.

Nilimwita, nikamuuliza kwa Kiswahili. Hakusita: "Si kama viazi vya stoo, mwalimu? Vinatoa machipukizi meupe, marefu, kwa sababu hakuna mwanga wa kutengeneza ukijani. Na kiazi kikiachwa nje juani, chenyewe kinageuka kijani." Hilo la mwisho sijawahi kulifundisha.

Kwenye karatasi ana sifuri. Nimempa mimi.

Novemba huyu ataingia kwenye upimaji wa kitaifa. Kasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, la saba kafanya kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo linamjia kwa Kiingereza. Asipofikia kiwango anakariri darasa. Yaani anakariri notisi, kisha anakariri darasa. Kiswahili kimeyapa maafa yote mawili jina moja. Sidai Kiingereza kifutwe. Nadai maswali ya sayansi, Jiografia na mengine yasiyo ya lugha yachapwe kwa lugha mbili, mtoto ajibu kwa ile anayoimudu. Kiingereza kipimwe kwenye karatasi ya Kiingereza, tena bila huruma.

Mzazi, muuza mbao, Makambako

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hapa umeteleza. Mwanangu ukimwambia tu kwamba Kiswahili kinaruhusiwa, Kiingereza anakiweka kabatini siku hiyohiyo. Wateja wangu wenye hela nawajua wanakosomesha. Mabasi ya njano ya shule za Kiingereza yanapita hapa kabla hakujakucha. Watoto wale watajibu kwa Kiingereza, wataenda chuo kikuu ambako mihadhara ni Kiingereza, na wangu atabaki na usanisinuru wake, hiyo photosynthesis ya Kiswahili. Kila mkituonea huruma sisi wa shule za kata, tunapungukiwa kitu.

Dereva wa malori, Tunduma

Shuleni kwetu mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa na kibao, "No English No Service". Basi mimi sikwenda. Miaka minne sijauliza swali hata moja. Kiingereza nimekuja kukipata ng'ambo ya mpaka, Nakonde na njia ya Lusaka, kwa kubishana bei ya matairi. Leo nakiongea vizuri tu, ila Fizikia ndiyo ilishanipita.

Mwalimu mstaafu, Njombe

Vijana, mnajadili jambo la zamani kuliko umri wenu. Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, mtu wa hapa hapa Njombe. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta hali mbaya sana, na bado ushauri wao ukawa tubaki nacho, ila tukiongezee nguvu. Sera ya 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili ngazi zote, toleo la 2023 likaufunga tena. Mimi nimestaafu, mlango ule bado unafunguliwa na kufungwa.

Lakini mtaala ulioanza 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza. Hilo nalipenda, kama walimu wa kukifundisha watapatikana.

Mhadhiri, Iringa

Kamwene! Swali la mleta mada wenzetu Marekani wanalo pia, kwa watoto wa wahamiaji. Sheria ya 2002, na ile iliyoirithi mwaka 2015, inawataka wanaojifunza Kiingereza wapimwe lugha hiyo kila mwaka kwa mtihani wa peke yake. Hesabu na sayansi wanapimwa pia, ila kwa nafuu kama muda wa ziada. New York wanatafsiri mitihani ya sekondari kwa Kihispania, Kichina na lugha nyingine kadhaa. Ugomvi haujaisha huko, maana wapo wanaosema mtoto mgeni anapimwa mapema mno. Ila kutenganisha lugha na somo kunawezekana kiutawala.

Mzazi, Makambako

Mhadhiri, mtoto wa New York akitoka darasani anakutana na Kiingereza dukani, uwanjani, kwenye basi. Wa mwalimu akitoka anakutana na Kimalila. Asipokipata shuleni atakipata wapi? Na tukuulize mwalimu, wewe darasani unafundisha kwa lugha gani?

Mleta mada

Umenishika. Naandika ubaoni kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili, nikiona bado wamekodoa macho natupia Kisafwa. Jirani yangu wa Kemia anafanya hivyohivyo. Nikieleza kwa Kiingereza kitupu watano wanafuata, waliobaki wanachora madaftari.

Mzazi, Makambako

Kwa hiyo mnawafundisha kwa lugha moja mnawapima kwa nyingine, kisha mnataka tubadilishe mtihani badala ya nyie kubadilika!

Mleta mada

Nikubali nusu. Lugha mbili kwenye mtihani bila somo la Kiingereza lenye meno zitawaumiza watoto wa kata, hapo umenishinda, ndaga fijo (asante sana). Nusu ya pili siachii: mtaala huohuo mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili sekondari, kwa Kiswahili, na sijasikia mzazi akilalamika kwamba mtoto kafungiwa dunia. Kwa nini Biolojia iwe dhambi?

Jumatatu nitawapa darasa zima maswali kumi yaleyale, kwanza kwa Kiingereza, Jumatano kwa Kiswahili. Nitaleta alama hapa, bila majina.

Mzazi, Makambako

Zilete. Ila Jumatano watakuwa wameshayaona maswali, mwalimu. Ligawe darasa, nusu waanze na Kiswahili.

Mleta mada

Sawa. Binti wa viazi namweka kwenye kundi la Kiingereza.