Kwa nini tunacheka maiti anapofufuka na kuanza kula watu?

Muulizaji, Jinja

Ndugu wasomaji, Jumamosi iliyopita nilimwonyesha mama yangu, ambaye amekuja kukaa nasi akitokea kijijini Buikwe, filamu ya Uingereza ya mwaka 2004 iitwayo Shaun of the Dead, nikiamini kwamba angecheka kama tulivyocheka mimi na wenzangu tulipoitazama chuoni. Ilipofika pale ambapo yule kijana na rafiki yake wanasimama uani wakichambua sahani za santuri moja moja, huku wakibishana ipi itupwe kichwani mwa zombi na ipi ihifadhiwe kwa kuwa muziki wake ni mzuri mno, mimi nilikuwa nimeshika mbavu, naye mama ameshika rozari. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hawa si abasezi? Mnawachekaje?" Akaenda kulala. Kwetu kaburi jipya hulindwa usiku kwa kuwaogopa hao wanaosemekana kufukua maiti na kuwala, kwa hiyo swali lake halikuwa la kipuuzi, nami sikuwa na jibu. Ni kitu gani hasa kinachotuvutia katika vichekesho vya mazombi?

Mwenye kibanda wa zamani, Katwe

Nimeendesha kibanda cha video kwa miaka tisa, mabati juu na mabenchi ya mbao chini, na zombi aliwachekesha wateja wangu hata katika filamu ambazo watengenezaji wake hawakukusudia kumchekesha mtu. VJ wetu, yaani yule anayeitafsiri filamu kwa sauti na kuitania inapoonyeshwa, alikuwa akimwona zombi anavuta mguu barabarani, anatangaza kwa Kiganda kwamba maskini huyo amekataliwa na bodaboda zote kwa kukosa nauli, basi banda zima linalipuka. Jini hachekeki namna hiyo, kwa sababu jini ana akili na anakuwinda wewe hasa. Zombi hana hila wala kinyongo, na mlango wa kawaida humshinda. Ni mlevi anayerudi nyumbani saa nane za usiku, ila huyu anauma.

Lakini tazama vizuri ni nani anayechekwa. Katika filamu hiyo hiyo, asubuhi baada ya maafa kuanza, kijana anakwenda dukani akiwa na uchovu wa pombe, anafungua friji ambayo kioo chake kimejaa alama za viganja vya damu, anateleza sakafuni, ananunua alichokifuata na kurudi zake nyumbani bila kugundua lolote. Aliye hai ndiye kichekesho, kwa kuwa amezoea kuishi kama mfu.

Mkazi wa Mutukula

Nakubaliana na ndugu wa Katwe nusu tu. Sisi tulio mpakani tunalijua neno la jirani zetu wa Tanzania, msukule, yaani mtu aliyezikwa mbele ya macho ya watu, kumbe inasadikiwa kwamba mchawi amemchukua akamlimie shamba usiku. Huyo anakaribiana sana na zombi wa asili wa Haiti, nchi ya watu waliotoka Afrika kwa minyororo, ambako hofu kubwa haikuwa kuliwa bali kufanyishwa kazi hata baada ya kufa. Mla nyama tunayemfahamu leo aliletwa na Mmarekani George Romero mwaka 1968, katika filamu ambayo, ajabu ni kwamba, neno zombi halitamkwi hata mara moja. Romero alimwondoa mchawi. Ikawa hakuna wa kulaumiwa, na maiti yule hana ukoo unaomlilia, hivyo anaweza kupigwa kwa koleo bila mtu kudhulumiwa. Kufikia mwaka 1985, katika The Return of the Living Dead, maiti waliokwisha kuwala wahudumu wa gari la wagonjwa wanashika redio ya gari hilo na kuagiza waletewe wengine, kana kwamba wamekaa hotelini.

Mama yako hakucheka kwa sababu yeye huyo maiti anamwona kuwa mtoto wa mtu. Na wala hajakosea, maana filamu uliyomwonyesha inalijua jambo hilo: baadaye mama wa kijana anang'atwa, na mwanawe analazimika kumpiga risasi. Hapo hata sisi wacheshi hunyamaza. Kichekesho cha mazombi kisichokuwa na dakika kama hiyo, kwangu mimi, ni kelele tu.

Fundi wa kamera, Kampala

Nitaongeza jambo moja la ufundi. Mazombi ni rahisi kuwatengeneza: unga, rangi nyekundu na majirani wenye subira. Filamu ya Kijapani One Cut of the Dead, ya mwaka 2017, inaanza kwa dakika 37 zilizopigwa bila kukata, zenye makosa mengi kiasi kwamba unataka kuizima. Kisha inakuonyesha yaliyokuwa yakitokea nyuma ya kamera, na kila kosa linageuka kuwa kicheko. Niliipenda kwa sababu ile ile inayonifanya nizipende filamu za Nabwana, mtengenezaji sinema wa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala, ambazo si za mazombi, lakini damu yake ya bandia na sauti ya VJ Emmie havikufichi kwamba unatazama watu wakihangaika kutengeneza sinema.

Muulizaji, Jinja

Nawashukuru. Jana usiku mama mwenyewe aliomba tuimalizie. Mama wa kijana alipopigwa risasi, aliuliza kama walimzika, nikamwambia kwamba filamu haionyeshi maziko, akaguna. Mwishoni kabisa, yule rafiki aliyekwisha kuwa zombi amefungwa mnyororo bandani, bado ameshika kidude cha kuchezea michezo ya video kama alivyokuwa akifanya siku zote za uhai wake. Hapo mama alicheka mpaka akavua miwani. Akasema: "Huyu hajabadilika. Huyu ni kaka yako."