Eti tukabandike kwenye friji! Mjuaji wetu leo amevuka mpaka

Msumari Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule yule wa kila uzi, anayejibu swali kwa swali, ambaye hajawahi kukosea tangu intaneti iingie Afrika.

Watu tulikuwa tunajadili kwa adabu zetu ile kauli ya "In God We Trust", yaani "Tunamtumaini Mungu", kama wananchi wa majimbo ya Marekani wanataka iwekwe kwenye kumbi za mabunge yao. Hoja inakwenda, wengine wanapinga kistaarabu kabisa. Mara huyo, kajitokeza: "Mnaotaka maandishi ukutani kanunueni sumaku mkabandike kwenye friji zenu." Na kicheko juu, vile vikatuni vya machozi mstari mzima.

FRIJI. Ukumbi wa bunge, wenye kuba na nguzo za marumaru, mtu mzima anaona friji.

Afadhali angekuwa anajua maandishi yanafikaje ukutani. Anadhani Spika anamtuma kijana na ngazi na kopo la gundi. Ukitaka ukumbi mmoja tu, baraza husika linapitisha azimio lake lenyewe na gavana hahusiki. Ukitaka liwe agizo la sheria, tena kwa majengo yote ya serikali, hapo ni muswada: kamati, baraza la kwanza, baraza la pili, saini ya gavana. (Nebraska wana baraza moja, wamepunguziwa safari.) Na miswada hii haifi kwenye kura, jamani. Mbunge gani anataka kuonekana amempigia Mungu kura ya hapana mwaka wa uchaguzi? Inafia kwenye kamati. Mwenyekiti hajaipangia siku, muhula unafungwa, kwisha habari.

Kwa hiyo mwananchi anayeunga mkono ana kazi ya kufanya. Kwanza ajue namba ya muswada. Siyo "ule muswada wa Mungu", namba! Kisha amwandikie mbunge WAKE, wa anuani anayolala, maana saini elfu tano za jimbo jirani hazimtishi mtu. Siku ya kamati anajiandikisha, anatia alama anaunga mkono au anapinga, anapewa dakika mbili au tatu na anaacha nakala ya maandishi. Wengi wanaharibu hapo hapo: mtu anafungua Zaburi, anasoma mpaka kengele inalia, hoja hajaigusa. Mbaya zaidi, maneno yake yanaingia kwenye kumbukumbu za kikao, na kesho wakili wa upande wa pili anayabeba mahakamani kuonyesha kwamba shabaha ilikuwa kuhubiri.

Na fedha je? Bora michango binafsi, ili asipatikane wa kulia na kodi yake. Davidson County, North Carolina, walifanya hivyo: herufi za inchi 18 mbele ya jengo la serikali ya kaunti, michango ya watu na makanisa. Wakashtakiwa. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nne ikayaacha maandishi pale pale, mwaka 2005. Inchi 18! Friji ya nani hiyo? Ya jitu?

Halafu ana uso wa kusema hii kauli ni "takataka ya Vita Baridi". Sarafu ya senti mbili ilikuwa nayo mwaka 1864, vita ya wenyewe kwa wenyewe inaunguruma. Rais Eisenhower alichosaini tarehe 30 Julai 1956 ni kuifanya kaulimbiu rasmi ya taifa. Iko juu ya kiti cha Spika kule Washington tangu 1962. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi liliithibitisha tena kwa kura 396 dhidi ya 9. Wananchi nao Gallup, wale wa kura za maoni, iliwauliza 2003, asilimia 90 wakaafiki.

Tisa katika kila kumi! Wote hao waende dukani wakanunue sumaku?

Sijamaliza. Nakunywa maji narudi.

Chumvi ya Mawe

Uzi tayari, siti ya mbele nimeshaweka kanga. Povu hili linatosha kufua mashuka ya gesti nzima.

Karani Mstaafu

Mleta mada, hasira unayo, ila takwimu umeipindisha. Ile Gallup ya 2003 iliuliza habari ya maandishi kwenye SARAFU. Ukuta wa bunge haukutajwa. Mtu kuzoea neno lililoko mfukoni ni jambo moja, kutaka lipigiliwe juu ya kichwa cha Spika wa jimbo lake ni jambo lingine. Na ni ya zaidi ya miaka 20.

Ukitaka ushahidi wa kura halisi, nenda Mississippi. 2020 waliiondoa bendera ya jimbo ya 1894 yenye alama ya Wakonfederasi (wale wa kusini waliojitenga kutetea utumwa), na sheria iliyoiondoa ikaagiza mpya iwe na maneno hayo. Novemba wakapiga kura, zaidi ya asilimia 70 wakasema ndiyo.

Bibi Pilipili

@Karani Mstaafu na wewe usitupige kamba mchana kweupe. Wale walikuwa wanaikimbia ile alama, wangekubali hata bendera yenye picha ya kambale. Huwezi kusema kila ndiyo ilikuwa ya Mungu. Georgia ndiyo kichekesho: Machi 2004 waliwekewa bendera mbili wachague, na ZOTE MBILI zina hayo maneno. Ungepiga kura ya kuyakataa vipi?

Msumari Mbichi

Bibi nakuheshimu, na Karani naye sawa, nimekusikia. Lakini turudi kwenye mada. FRIJI, jamani. Hakusema hata kabati.

Wakili wa Kibarazani

Mkuu, aliyekutukana siyo yeye. Ni mahakama, na hujashtuka.

Unajua kwa nini kauli hii inashinda kila kesi? Kesi ya Aronow, 1970, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa: majaji walisema maneno hayo ni ya kizalendo na ya sherehe, hayahusiani na kuanzisha dini. Kesi zilizofuata zimekanyaga nyayo zile zile. Yaani yanaruhusiwa kubaki kwa sababu serikali inakula kiapo kwamba hayana uzito wa ibada. Shahidi anayepanda kwenye kamati akisema "tunamrudisha Mungu bungeni" anaikata miguu hoja inayoyalinda maneno yenyewe. Anayetaka yapite anaongea historia, sarafu, 1864, 1956, anashuka. Amri Kumi hazikupata kinga hiyo. Kentucky walizitundika madarasani, Mahakama ya Juu ya Marekani ikazishusha 1980.

Rais Theodore Roosevelt alikuwa muumini na aliyatoa kwenye sarafu za dhahabu 1907, akiona kuliweka jina la Mungu kwenye pesa ni kukaribia kufuru. Bunge likamrudishia 1908.

Chumvi ya Mawe

Kwa hiyo mleta uzi anatetea maandishi ambayo wakili wake anasema hayamaanishi kitu 😂😂 Kula chuma hiyo.

Msumari Mbichi

Chumvi tulia, wewe ndiye uliyegonga like kwenye ile ya friji. Nimeona. Tumeona wote.

Dereva wa Trela

Mnagombana na bunge, shule mmezisahau. Huko ndiko kwenye vituko. Sheria ya Texas ya 2021: shule ikipewa bango la msaada lenye kauli hiyo lazima ilitundike mahali pa wazi, mradi chini yake katikati kuna bendera ya Marekani, na ya jimbo iwepo. Lugha haikutajwa. Agosti 2022 kule Southlake mzazi mmoja akaleta mabango ya maandishi ya Kiarabu na mengine ya rangi za upinde wa mvua. Bodi ya shule: ahsante, tunayo ya kutosha, kila shule bango moja.

Vipimo navyo kila jimbo na yake. Mississippi inchi 11 kwa 14, ndani ya fremu. South Dakota lisipungue inchi 12 kwa 12. Mchangiaji kachapisha saizi ya jimbo la jirani, linakataliwa, hela imekwenda.

Bibi Pilipili

Kwa hiyo anayetumainiwa ni Mungu yule yule, mwandiko ndio haukupendeza? Hayo ndiyo malalamiko ya kufungulia uzi. Huyu analia na friji.

Mama Kwekwe

Naongeza Ohio. Wao wana ya kwao, "Kwa Mungu mambo yote yanawezekana", kaulimbiu ya jimbo tangu 1959. Gavana Voinovich alikwenda India, akaona maandishi kwenye jengo la serikali kwamba kazi ya serikali ni kazi ya Mungu, akarudi anataka ya kwake Columbus, makao makuu ya jimbo. Ikawekwa sakafuni, mbele ya jengo la bunge. Mahakama ya chini iliruhusu kwa sharti isitajwe kwamba imetoka Injili ya Mathayo! 2000 majaji watatu wa rufaa wakaikataa, 2001 jopo la majaji wote wa mahakama hiyo likairudisha. Watu wanaikanyaga kila siku wakienda kazini na hakuna aliyefungua uzi.

Mganda wa Minneapolis

Ninyi Wamarekani wa juzi mnajifanya mmegundua. Uganda kauli ya taifa ni "Kwa Mungu na Nchi Yangu", iko kwenye nembo, mambo yamekwisha.

Karani Mstaafu

Na Katiba ya Tanzania ibara ya 3 inasema nchi isiyokuwa na dini, halafu wimbo wa taifa unaanza na Mungu. Hakuna aliyekufa. Bunge la Nairobi nalo juu ya mlango mkuu limeandika habari za ustawi wa jamii na utawala wa haki, Mungu hatajwi.

Chumvi ya Mawe

Ya haki mlangoni, na ndani je? Fungua uzi tulie vizuri.

Msumari Mbichi

Wakuu, kuna mtu anakumbuka nilitukanwa?

Dereva wa Trela

Nje ya mada kidogo. Mods mmeunganisha uzi wangu wa bima ya gari na huu kwa sababu gani? Nimeuliza kwa nini bima inapanda na sijagonga hata paka, nimekuta najibiwa kuhusu Mathayo.

Mama Kwekwe

Uko jimbo gani? Majimbo mengi kampuni inaangalia alama yako ya mkopo, yaani rekodi ya unavyolipa madeni, ukichelewesha kulipa kadi ya mkopo tu bima inapaa. California, Hawaii na Massachusetts hawaruhusu hilo.

Dereva wa Trela

Georgia. Kumbe ni kadi!

Bibi Pilipili

Massachusetts chumba kimoja ni bei gani siku hizi? Anayejua anijibu hapa hapa, inbox yangu imejaa matapeli.